Nguvu Inayoondoka kwa Zamu Moja

Leo naomba tuzungumze juu ya michezo, na ndani ya michezo nimechagua kipengele kimoja tu cha sheria: pale ambapo karata, kete au mchezaji ananyang'anywa uwezo wake, lakini kwa muda. Hatolewi mchezoni. Anabaki pale pale, kwa jina lake lile lile, ila kwa muda uliotajwa hawezi kufanya alichokuwa akikifanya.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kumwondoa mtu kabisa ni rahisi kuandikia sheria, sentensi moja inatosha. Kumwondolea kitu kimoja, ukamwachia vingine, kisha ukamrudishia alichopoteza kwa saa iliyopangwa, hapo ndipo mwandishi wa sheria anapotoka jasho. Na watu waliotoka jasho hilo mara nyingi, kisha wakaandika majibu yao kwa utaratibu, ni watunzi wa michezo ya karata za kukusanya.

Karata tulizozizoea ni zile 52. Mfalme wa kopa ni mfalme wa kopa, hana maneno yake mwenyewe. Sheria iko kwa wachezaji. Mwaka 1993 Mmarekani mmoja, Richard Garfield, alitoa mchezo unaoitwa Magic: The Gathering, na humo kila karata imeandikwa sheria yake usoni. Hii inasema kiumbe huyu anaruka. Ile inasema kiumbe huyu haharibiki. Nyingine inasema lipa kiasi hiki, umpige mpinzani pigo moja. Kila mchezaji hununua, hubadilishana na kukusanya karata, kisha hupanga kifurushi chake mwenyewe na kwenda nacho vitani. Mwaka 1996 Wajapani walitoa karata za Pokémon. Mwaka huo huo mchoraji Kazuki Takahashi alianza kuchora hadithi ya Yu-Gi-Oh!, na mwaka 1999 kampuni ya Konami ikaanza kuuza karata zake. Kama nyumbani kwako kuna kijana aliyewahi kuikodolea macho katuni ya Yu-Gi-Oh! kwa Kifaransa, basi amekwisha kuona karata za namna hii zikipigana.

Sasa fikiri. Ikiwa kila karata imebeba sheria yake, lazima kuwe na karata nyingine ya kusema: kwa zamu hii, nyamaza.

Nichukue mfano mmoja nikae nao, maana ndani yake kuna karibu mambo yote. Katika Magic kuna karata ya zamani inaitwa Serra Angel, malaika. Ana nguvu 4 za kupiga na uhimili 4 wa kupigwa. Anaruka, kwa hiyo viumbe wa chini hawawezi kumzuia. Na akienda kushambulia hachoki: wenzake wakishambulia karata zao hulazwa upande, yake hubaki wima, tayari kulinda. Mwaka 2011 ikatolewa karata nyingine, Turn to Frog. Maneno yake ni machache: mpaka mwisho wa zamu, kiumbe mmoja uliyemchagua anapoteza uwezo wake wote, anakuwa chura wa buluu, nguvu yake ya msingi 1, uhimili wake wa msingi 1.

Malaika amekuwa chura. Je, amepoteza nini hasa? Amepoteza kuruka. Amepoteza kutochoka. Amepoteza rangi yake nyeupe na umalaika wake. Lakini jina lake bado ni Serra Angel, na bei ya kumwita mezani ni ile ile ya mwanzo. Na kama mwenyewe alikwisha kumwekea alama moja ya kumwongezea nguvu 1 na uhimili 1, kile kijiwe kinachokaa juu ya karata, alama hiyo haiondoki. Maneno yaligusa uwezo na nguvu ya msingi. Nyongeza huhesabiwa juu ya msingi. Kwa hiyo huyu ni chura wa 2 kwa 2. Mtu aliyelewa sheria hii hupangua hesabu za mpinzani aliyedhani chura ni chura tu.

Saa nayo ina kazi yake. Tuseme malaika wa mpinzani yuko angani anashambulia, nawe huna ndege wa kumzuia. Ukimgeuza chura kabla ya kutangazwa wazuiaji, viumbe wa chini wataweza kumkabili, maana sasa yuko ardhini. Lakini ukisubiri mpaka wazuiaji wapite bila kutangazwa, basi amekwisha kupita. Kumnyang'anya mabawa wakati huo hakuleti mzuiaji. Pigo lake litapungua kutoka 4 hadi 1, lakini litafika. Hali kadhalika, yule aliyekwenda vitani bila kulazwa hatalazwa kwa sababu ya uwezo aliopoteza baadaye. Uwezo ulifanya kazi yake wakati ulipokuwepo, na sheria ya kunyang'anya hairudi nyuma kutengua.

Kuna jambo lililo gumu zaidi kwa wanaoanza. Tuseme kiumbe ana uwezo wa kusema: nilipe, nimpige mtu pigo moja. Mwenyewe analipa. Mpinzani anaona, anaharakisha kumgeuza chura ili pigo lisifike. Pigo linafika. Kwa nini? Kwa sababu uwezo ukishaitwa huingia kwenye lundo la mambo yanayosubiri kutekelezwa, na huko unaishi wenyewe, umeachana na aliyeuita. Unaweza kumfanya chura, unaweza hata kumuua, neno lake limekwisha kutoka. Ukitaka kulizuia lazima ulizuie lenyewe, kwa karata ya kuzuia maneno. Ndiyo maana wachezaji wazuri hawangoji adui aanze kusema.

Je, akipewa uwezo mwingine akiwa chura? Hapo hutazamwa nani alitangulia. Aliyekuwa amepewa kuruka asubuhi, akageuzwa chura mchana, amepoteza kuruka. Aliyegeuzwa chura kwanza, kisha akapewa kuruka, anaruka, chura mwenye mabawa. Sheria ilisema anapoteza, haikusema asipate tena. Watunzi walipotaka kufunga na mlango huo walilazimika kuliandika jambo lenyewe. Mwaka 2014 walitoa karata inaitwa Archetype of Imagination, inayosema viumbe wa mpinzani wanapoteza kuruka, na kwamba hawawezi kuwa nako wala kukupata. Tofauti kati ya kupoteza na kukatazwa ni kubwa, na karata hizi zinaitenganisha kwa ukali.

Halafu mwisho wa zamu unafika, na hapa ndipo ninapowasifu waandishi wa sheria hizi kwa moyo wote. Zamu inapokwisha kuna hatua ya kusafisha. Katika hatua hiyo majeraha yote ya viumbe yanafutwa, na kila jambo lililoandikwa "mpaka mwisho wa zamu" linakoma. Yote mawili kwa dakika moja. Mnaweza kuuliza, dakika moja ina maana gani? Chukueni kiumbe wa 3 kwa 3 aliyeongezwa mpaka 6 kwa 6 kwa zamu moja, akapigwa majeraha 4. Kama nyongeza ingeondoka kwanza, angerudi kuwa na uhimili 3 huku ana majeraha 4, na angekufa usiku wakati vita vimekwisha. Kama majeraha na nyongeza vinaondoka pamoja, anaamka mzima. Mtu aliketi chini akaliona hilo, akaliandika.

Lakini kilichotokea ndani ya muda wenyewe hakifutwi. Malaika aliyekuwa na majeraha 3 katika uhimili wake wa 4 alikuwa hai. Mgeuze chura mwenye uhimili 1, majeraha 3 yanamzidi, anakufa pale pale. Mwisho wa zamu hautamfufua. Alipoteza nguvu kwa muda, akapoteza uhai moja kwa moja. Na kama ndani yake kulikuwa na uwezo wa kufanya jambo anapokufa, haufanyi kazi, maana amekufa hali hana uwezo wowote.

Njia nyingine ya kutoka ni kuondoka mezani. Mwenyewe akimrudisha chura wake mkononi, kisha akamlipia na kumweka upya, anayeshuka ni malaika kamili. Sheria inamhesabu kuwa ni mwingine, hana kumbukumbu ya yaliyompata. Inagharimu zamu na malipo mapya, lakini mlango upo.

Mfano huu wa chura unapimwa kwa saa. Uko mwingine unaopimwa kwa sababu. Mwaka 1997 ilitoka karata ya Humility, unyenyekevu. Hii haina zamu. Inasema viumbe wote, wako na wangu, hawana uwezo wowote, na kila mmoja ni 1 kwa 1, na hali hiyo inadumu maadamu karata yenyewe iko mezani. Ikiondolewa, kila mmoja anarudi alivyokuwa. Humility iliwasumbua waamuzi miaka mingi, hasa ilipokutana na karata nyingine inayogeuza vitu visivyo viumbe kuwa viumbe, mpaka Humility yenyewe ikawa kiumbe, na swali likawa: je, inajinyang'anya uwezo wake wa kunyang'anya? Jibu liko katika utaratibu wa matabaka saba ambamo mabadiliko yote ya karata hupangwa: kuiga kwanza, kisha umiliki, kisha maneno, aina, rangi, uwezo, na mwisho nguvu na uhimili. Sitawachosha kwa hilo. Anayetaka kuumiza kichwa ana kazi ya mwezi mzima hapo.

Yu-Gi-Oh! ina tabia yake tofauti kidogo. Humo kuna karata ya Effect Veiler: unaitupa kutoka mkononi katika zamu ya adui, na jini wake mmoja athari zake zinabatilika mpaka mwisho wa zamu hiyo. Lakini nguvu yake ya kushambulia haiguswi. Aliyekuwa na 2,500 anabaki na 2,500. Amefungwa mdomo, mikono iko huru. Na akifunikwa kifudifudi kisha akafunuliwa tena, kifungo hicho kimemtoka hata kama zamu haijaisha.

Pokémon ndiyo niliyoipenda katika hizi za kigeni, kwa sababu inatofautisha namna za kudhoofika kama mganga anavyotofautisha magonjwa. Kiumbe anaweza kulala, anaweza kupooza, anaweza kuchanganyikiwa, anaweza kuungua au kuwekewa sumu. Aliyelala hawezi kushambulia wala kurudi nyuma. Aliyepooza vile vile. Ukiwatazama unadhani ni kitu kimoja. Tofauti iko katika kutoka. Aliyepooza anapona kwa hakika: zamu moja ya mwenyewe inapita bure, ikimalizika amepona. Aliyelala yuko mikononi mwa bahati: kila baada ya zamu sarafu inarushwa, ikitoka kichwa anaamka, ikitoka mkia anaendelea kulala, na anaweza kulala zamu moja au nyingi. Karata zenyewe hugeuzwa mezani ili kila mtu aone, aliyelala anaelekea kushoto, aliyepooza kulia, aliyechanganyikiwa kichwa chini. Hakuna ugomvi wa nani alisema nini. Tena kuna milango miwili ya dharura kwa hali zote: kiumbe akikua na kuingia daraja la juu zaidi, zinamtoka, akihamishiwa benchi kwa karata ya kubadilisha, zinamtoka pia.

Ukinipa nichague kati ya kulala na kupooza, nachagua kupooza. Adhabu kali yenye mwisho unaojulikana ninaweza kuipangia. Ile nyepesi isiyo na mwisho hunila akili, kwa sababu kila zamu natumaini na kila zamu narushiwa mkia.

Watu wa mji wetu wa Likasi, huku Katanga, wanajua ninachosema bila kushika karata hata moja. Mji huu umejengwa na shaba. Katikati ya mwaka 2008, tani moja ya shaba huko London ilikuwa zaidi ya dola 8,000. Ilipofika Desemba ilikuwa imeporomoka hadi karibu 3,000. Makampuni kadhaa Katanga yalizima mitambo, na tukasikia kwa wingi neno ambalo kila familia ya mchimbaji inalijua: konje teknike. Mfanyakazi hajafukuzwa. Jina lake liko kwenye orodha, namba yake iko, pengine hata kofia ya kazi anayo nyumbani. Ila kazi hana na mshahara hana, au anapata kipande chake. Sheria yetu ya kazi, ile namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inatenganisha wazi kusimamisha mkataba na kuuvunja, na iko sawa kufanya hivyo. Anayesimamishwa bado ni mfanyakazi. Shida ni pale anapoambiwa "kwa muda" na hakuna anayetaja muda. Aliyeachishwa kabisa angetafuta shamba, angefungua kibanda, angekwenda kwa ndugu zake. Aliyesimamishwa bila tarehe anakaa karibu na lango, kwa sababu akiondoka anaweza kupoteza kile ambacho bado ni chake. Mtunzi wa karata anajua kwamba neno "kwa muda" bila "mpaka lini" halijakamilika, na karata ya hivyo haipiti kiwandani. Ningependa na karatasi zinazobandikwa kwenye malango ya viwanda zisipite bila tarehe.

Turudi michezoni, na katika mkoa wetu. Mnaikumbuka 2011. TP Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilikuwa imecheza fainali ya klabu za dunia na Inter Milan. Katika Ligi ya Mabingwa ya 2011 ikaitoa Simba ya Dar es Salaam. Simba ikalalamika kwa shirikisho la mpira la Afrika, CAF, kwamba Janvier Besala Bokungu, aliyekuwa ametoka Espérance ya Tunis, hakuwa na haki ya kuchezea Mazembe. Mwezi Mei CAF ikaiondoa Mazembe mashindanoni. Simba ikapewa mechi moja dhidi ya Wydad Casablanca mjini Cairo, ikafungwa 3-0.

Siingii katika maumivu ya mwaka ule, nawaachia mashabiki. Ninalotaka mlione ni aina ya upotevu. Miguu ya Bokungu ilikuwa mizima. Alikimbia, alizuia, aliruka kwa kichwa. Kilichokosekana ni haki, na haki haionekani uwanjani. Malaika akigeuzwa chura, meza nzima inaona. Karata ya Pokémon ikilazwa kushoto, hata mtoto anayepita anaona. Mchezaji asiye na ruhusa anaonekana sawa na mwenye ruhusa, mpaka siku faili linapofunguliwa. Ndipo sheria ya mpira inafanya kile ambacho Magic inakikataa kabisa: inarudi nyuma. Mechi zilizochezwa, ambazo watu walizishangilia, zinahesabiwa kama hazikuwa. Naelewa kwa nini. Bila kurudi nyuma, kila klabu ingejaribu bahati yake. Lakini dawa ya kweli iko kabla ya mchezo, katika kuhakikisha kila hali ya mchezaji inaonekana na pande zote mbili mapema kabla filimbi haijapulizwa.

Sasa niwaambie kuhusu sheria iliyonifanya niandae mazungumzo haya. Haikutoka Marekani wala Japani. Iko katika Bao la Kiswahili, linalochezwa Zanzibar, Mombasa, Lamu na pwani yote. Sisi huku tunacho kisolo, ndugu yake wa damu, ambacho wazee walikicheza hata kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini. Bao la pwani lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, na safu zenu za mbele zinatazamana. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la adui linalolikabili lina kete, umekula: unazichukua kete zake na kuzipanda upande wako.

Ndani ya Bao kuna shimo moja lenye heshima ya pekee, nyumba. Lina haki ambazo mashimo mengine hayana, na likishaliwa au kumwagwa, haki hizo zimekwenda kwa mchezo mzima. Huo ni upotevu wa kudumu, kila mtu anaujua, na mabingwa hulinda nyumba kwa hesabu ndefu.

Lakini kuna kutakasia. Sikilizeni kwa makini. Kete zote zikishaingia ubaoni, mchezo uko katika hatua ya mtaji. Mwenye la kula lazima ale. Asiye na la kula anatakata, yaani anazungusha kete zake bila kula. Tuseme mimi nimetakata. Nikimaliza, wewe nawe huna la kula. Ila mimi, zamu yangu ijayo, nitakuwa na la kula, nalo ni shimo lako moja tu. Bila sheria, ungefanya nini? Ungechota kete za shimo hilo na kukimbia nazo, na mimi ningetakata tena, nawe ungekimbia tena, tukazunguka mpaka jua linazama. Kwa hiyo Bao linasema: shimo hilo limetakasiwa. Kwa zamu hii moja huruhusiwi kuanza nalo. Kete zake ni zako bado. Mashimo yako mengine ni huru. Zamu ikipita, marufuku imekwisha; ikitokea tena itahesabiwa upya.

Na hapo ndipo penye busara iliyonigusa. Sheria ya kutakasia ina mipaka yake. Shimo lenyewe likiwa ni nyumba iliyo hai, halitakasiwi. Likiwa ndilo shimo pekee lenye kete katika safu yako ya mbele, halitakasiwi. Likiwa ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja, halitakasiwi pia, maana shimo la kete moja halianzishi mchezo. Yaani nitakunyima njia moja, sitakunyima njia ya mwisho. Katika karata za kigeni nilizozitaja, kiumbe mmoja mmoja anaweza kuzimwa mpaka mchezaji akakaa zamu nzima hana la kufanya ila kutazama. Bao linakataa hilo. Mchezaji hata akibanwa, zamu yake ni yake, lazima awe na shimo la kuanzia.

Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa Bao wa Zanzibar, na tasnifu yake juu ya ubingwa wao ilitoka Leiden mwaka 1995. Alikuta watu wanaopiga hesabu ya mizunguko mirefu ya kete kichwani, bila kuzigusa, na kutakasia ni sehemu ya hesabu hizo: bingwa hutafuta kutakata kwa namna ambayo itambana mwenzake shimo moja, zamu moja. Sheria yenyewe ilikuwa inaishi vibarazani, kwa mdomo, kabla hajafika mtu wa kuiandika kitabuni. Hakukuwa na kampuni iliyoichapisha wala waamuzi wa kulipwa. Nadhani wachezaji walibishana, wakaona mchezo unakwama, wakatafuta dawa, wakaona dawa inamwonea mtu, wakaiwekea mipaka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Katika sheria zote za kuondoa uwezo kwa muda ninazozijua, naiweka kutakasia mbele. Inataja kitu kimoja. Inataja zamu moja. Inamwachia mtu mahali pa kuanzia. Turn to Frog imetimiza mawili ya kwanza kwa ustadi mkubwa, la tatu haikulifikiria.

Na ombi langu ni kwa wazee wa Kikula na Panda, hapa Likasi, mnaojua kisolo vizuri, hasa mnaojua vizuizi vyake: shimo lipi halichezwi, kwa zamu ngapi, na lini marufuku inaondoka. Waiteni vijana wenye karata na simu zao, mcheze nao, na muwape waandike sheria hizo kama mnavyozisema. Karata za Magic zina kitabu cha sheria kinachofanyiwa marekebisho mwaka hadi mwaka. Kisolo cha Likasi nacho kinastahili daftari lake, lenye majina ya mashimo na ya michezo kwa maneno yenu wenyewe. Anzeni Jumapili hii.